Matroni na Kiota cha Manyoya

Watu wote wa mtaani walimwita Matroni, hata wale ambao hawakuwahi kulazwa hospitali. Kazi alikuwa ameiacha, lakini jina lilikataa kumwacha. Alikuwa ameshika wodi ya watoto wachanga hadi nywele zikamgeuka rangi, na siku alipokabidhi funguo alifika getini, akageuka, akarudi kumwonyesha aliyempokea namna ya kukunja shuka. Kesho yake akarudi tena. Mara ya tatu mlinzi alimwambia kwa adabu, "Mama, si upumzike sasa," naye akaona ametukanwa mchana kweupe.

Kupumzika ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha. Nyumbani alikuwa kama mtu aliyekalia miiba. Alifua vilivyokwisha kufuliwa. Alihamisha kabati kutoka ukuta huu hadi ule, kisha akalirudisha kwa sababu miguu yake ilikuwa imeacha alama sakafuni. Mume wake alikuwa mwokaji wa mikate, mtu mnene, mtulivu, aliyetoka nyumbani kabla hakujapambazuka na kurudi mchana akinukia hamira. Yeye alikuwa amezoea kunyanyuliwa kikombe mezani kabla hajamaliza chai.

"Matroni," alimwambia siku moja, "mimi si mgonjwa wako. Niache hata nipoteze kijiko kwa mkono wangu."

"Ukikipoteza, atakitafuta nani?"

"Mimi."

"Wewe? Miwani ikiwa puani unaiulizia jikoni!"

Mwokaji alicheka, akanyamaza. Alikuwa hodari wa kunyamaza, na katika nyumba ile kunyamaza kwake kulihesabiwa kuwa wema. Sivyo. Mwanamume anayemwachia mke wake kila neno ili apate utulivu hajampa heshima. Amemwacha peke yake. Jambo hilo litaonekana hapa chini.

Matroni alikuwa na mdogo wake, wa mwisho kuzaliwa, ambaye tangu utoto aliitwa Kitinda na hakuna aliyekumbuka kulibadilisha jina hilo hata alipokuwa mtu mzima. Kitinda alifuga sungura. Hakuwa na biashara nyingine. Aliwachagua, akawapandisha kwa mpango, mwaka baada ya mwaka, hadi akapata ukoo wa sungura weupe, wakubwa, wenye masikio marefu yaliyosimama wima, na wafugaji wengine wakawa wanakuja kwake kuomba mbegu. Kisha maradhi yakaingia mabandani. Sungura waliokuwa wakila majani jioni walikutwa wamekauka asubuhi. Yalipopita alikuwa amebaki jike mmoja tu, aliyemwita Bi Harusi kwa weupe wake, naye alikuwa na mimba changa ya dume ambaye tayari alikuwa amezikwa.

Mimba ilikuwa imekomaa wakati tumbo la Kitinda mwenyewe lilipomkamata. Daktari alisema ni upasuaji, na upesi. Njiani kuelekea hospitali alipitisha gari la kukodi kwa dada yake, akashusha banda la waya pamoja na Bi Harusi na kisanduku cha kuzalia, akaegemea mlango wa gari kwa maumivu.

"Dada, huyu ndiye aliyebaki. Nikiwapata watoto wake nina pa kuanzia. Nikiwakosa, habari za sungura nimezimaliza."

"Nenda katibiwe. Huku kuna mtu."

"Mpe nyasi, mpe maji. Kisanduku kiweke pembeni, penye kivuli. Mengine atafanya mwenyewe."

"Mengine yapi?"

Kitinda alikunja uso, mkono tumboni. Dereva akawasha gari. Matroni akainama dirishani.

"Utawakuta wote!" akasema.

Hiyo ilikuwa ahadi mbovu. Hakujua wangezaliwa wangapi, hakuwahi kufuga hata kuku, na aliapa kwa viumbe ambao hawajafika duniani. Lakini ndivyo alivyozoea kuwaambia wazazi wodini, na neno lililozoeleka hutoka mdomoni bila kuomba ruhusa.

Banda likawekwa uani, nyuma ya nyumba, kati ya karo la kufulia na mlango wa jikoni. Siku chache hazikupita, Bi Harusi akaanza kuhangaika. Alikusanya nyasi kavu mdomoni, zikachomoza huku na huku kama masharubu ya mzee, akazipeleka kisandukuni, akarudi kuchukua nyingine. Kisha akaanza kujinyofoa manyoya ya kifuani na tumboni, kishungi kwa kishungi, mpaka ngozi ikabaki wazi.

"Ana upele huyu!" Matroni aliita. "Njoo uone, anajinyonyoa!"

Aliyesikia ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye ulimi, ambaye meza yake ilitazama ua huu kupitia uzio wa fito.

"Labda anajiandaa kwa sherehe, Matroni. Si umesema ni bi harusi?"

"Wewe shona."

Asubuhi iliyofuata kisandukuni kulikuwa na rundo la manyoya meupe linalopumua. Matroni aliosha mikono hadi kwenye viwiko, akafunua. Vilikuwamo vitoto saba, vya rangi ya waridi, bila unyoya hata mmoja, macho yamefungwa, masikio yamelala kichwani kama yamegundishwa. Vilikuwa vimepangana kwa joto, kimoja juu ya kingine. Moyo wake ulijaa. Tangu aache kazi hakuwa ameshika kitu kidogo namna ile kinachotaka kuishi.

Aliwafunika, akakaa kwenye kigoda amsubiri mama anyonyeshe.

Mama hakunyonyesha. Alikuwa kona ya pili ya banda, kakipa kisanduku mgongo, anatafuna majani, anajisafisha masikio. Matroni alingoja, akaingia ndani, akatoka, akaingia, akatoka. Bi Harusi alikuwa bado anatafuna. Jua likapanda, likashuka. Kila alipokwenda alimkuta hivyo hivyo, na siku ya pili mchana alimkuta amejinyoosha, kalala usingizi.

"Mzazi gani huyu?" alimuuliza fundi cherehani juu ya uzio. "Tangu jana mguu hajatia! Watoto kona ile, yeye kona hii, kama wapangaji waliogombana."

"Mama zako wa wodini walikuwa hawatoroki?"

"Walikuwa wakinyonyesha kila baada ya saa mbili, tatu. Nilikuwa nawaamsha mwenyewe. Asiyenyonyesha nilisimama naye hapo hapo mpaka anyonyeshe."

"Basi simama naye. Kwani hao wako wana kadi za kliniki?" Fundi alicheka mpaka akaliachia kanyagio la cherehani. "Au ndiye mama wa kisasa. Kazaa, kamaliza."

Ukweli ambao Matroni hakuwa nao ni huu. Sungura jike hawalalii watoto wake. Huwaendea alfajiri, pengine tena giza linapoingia; huingia kiotani, husimama juu yao, nao hunyonya chali, kwa pupa, maziwa mazito yanayowatosha mpaka atakaporudi. Ni dakika chache tu. Kisha huondoka, na akishaondoka hukaa kama kwamba hana mtoto duniani. Si ukali, wala si upungufu wa mapenzi. Sungura hana nguvu ya kupigana na mbwa wala paka. Vitoto vyake havina harufu kubwa, yeye anayo. Kila anapokaa karibu navyo anamwonyesha adui mahali pa kuchimba. Kwa hiyo hujiweka mbali, na kazi ya kuwapasha joto huyaachia yale manyoya aliyojinyofoa. Hata akiwa bandani, ambako hakuna wa kumchimbua, tabia hiyo haimtoki.

Lawama nyingi hutolewa namna ile ile alivyoitoa Matroni. Mtu huchungulia katika saa isiyo ya kazi, haoni kazi, anatangaza kwamba kazi haifanywi. Na akiwa amewahi kusifiwa kwa bidii, hutangaza kwa sauti kubwa zaidi.

Siku hiyo ya pili, alasiri, alivitoa vitoto kimoja kimoja akavikagua kwenye mwanga. Matumbo yalikuwa ya mviringo, yamekaza kama ngoma ndogo. Chini ya ngozi nyembamba, upande mmoja, kilionekana kiwaa cheupe.

Mtu mwingine yeyote angeona tumbo limejaa, akasema mtoto ameshiba. Matroni hakuweza kuona hivyo. Wodini tumbo lililokaza lilikuwa jambo la kukimbilia daktari; alikuwa ameona wengi wakianza hivyo hivyo na kuishia pabaya. Nacho kile kiwaa cheupe chini ya ngozi, kingekuwa nini kama si usaha? Hawajanyonya, na matumbo yamevimba: mambo mawili yasiyopatana, naye akayapatanisha kwa kuogopa zaidi. Alivisugua matumbo kwa ncha ya kidole chenye mafuta, akikizungusha taratibu kutoa gesi. Kisha akakitazama kile kiota. Nyasi. Manyoya. Vipande vilivyolowa mkojo. Damu kidogo iliyokauka ya siku ya kuzaliwa.

"Hapa ndipo tatizo lilipo," alisema peke yake.

Akaanza kazi, na kwa mara ya kwanza tangu aache kazi hakuwa na haja ya kuzurura. Alivilaza vitoto kwenye beseni. Alikung'uta kisanduku, akakisugua kwa maji ya moto na dawa ya kuua vijidudu, akakianika. Manyoya na nyasi alivikusanya vyote akavichoma moto nyuma ya karo, kwa kuwa kila kichafu cha wodini huchomwa. Akatandika pamba mpya na kitambaa kilichochemshwa, pembe zimekunjwa vizuri, akavirudisha vitoto kwa mstari. Kisanduku kilinuka hospitali. Alisimama akakitazama kwa furaha.

Bi Harusi alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, pua inatetemeka. Mlango wa banda ulipofungwa alirukia kisandukuni, akatoka papo hapo, akapiga sakafu kwa mguu wa nyuma. Akaingia, akatoka. Akapiga tena. Tap. Kimya. Tap.

"Angalau sasa anaingia," Matroni alimwambia mumewe jioni. "Nimemshtua kidogo."

"Mm," alisema mwokaji, akaenda kulala, kwa kuwa tanuri halimsubiri mtu.

Asubuhi alikuta vitoto vimetawanyika juu ya kitambaa, kila kimoja mahali pake. Viwili vilikuwa vimepoa na kukakamaa. Kingine kilikuwa na uzi wa pamba umekizunguka mguu. Ngozi zilikuwa zimenywea, zimekunjamana kama mikono iliyokaa majini. Na juu ya kile kitambaa safi kulikuwa na vishungi vichache vya manyoya mapya: Bi Harusi, ambaye kifuani hakuwa amebakiza kitu, alikuwa ameanza kujinyofoa ubavuni.

Matroni alikuwa bado ameshika vile viwili kiganjani simu ilipolia. Alikuwa Kitinda, sauti nyembamba, bado yuko wodini baada ya upasuaji.

"Dada. Wamezaliwa?"

"Wamezaliwa. Saba."

"Saba! Wazima?"

Alivitazama vilivyokuwa kiganjani.

"Wote wazima. Wewe lala."

"Sasa nitalala," Kitinda alisema, na kweli sauti yake ilikuwa ya mtu anayelala.

Alidanganya. Watu husema mgonjwa hapewi habari mbaya, na kwa kisingizio hicho hujificha wao wenyewe. Matroni hakumficha mdogo wake maumivu, alijificha aibu. Naye alilijua hilo, maana alipoweka simu alivifunika upesi vile viwili kwa kitambaa, kabla mtu hajapita.

Kilichofuata ni pilikapilika tupu. Alichemsha maziwa ya ng'ombe, akayapunguza makali kwa maji, akatia sukari, akachukua bomba la sindano lisilo na sindano, akaanza kuwalisha kwa zamu. Tone. Tone. Alipomaliza cha mwisho alirudi kwa cha kwanza. Fundi cherehani aliita kutoka ng'ambo ya uzio kumuuliza kama yuko salama, naye akaendelea kuhesabu matone. Kimoja kilivuta pumzi katikati ya tone. Maziwa yakakitoka puani, kikajikunja, kikajinyoosha, kikaisha. Alikiweka kando chini ya kitambaa pamoja na wale wawili. Vikabaki vinne.

Hapo akamtoa Bi Harusi bandani kwa nguvu. Mwokaji aliporudi mchana, mkono mmoja una mfuko wa mikate, alimkuta mke wake ameketi chini uani, miguu ameinyoosha, sungura amempindua chali mapajani huku akimshikilia, kitoto kimoja amekibandika kwenye chuchu. Sungura alikuwa ametoa macho. Mkono wa Matroni ulikuwa umechanwa michirizi mpaka kwenye kiwiko.

"Nishikie miguu," alisema bila kugeuka.

"Unafanya nini?"

"Hataki kunyonyesha! Tangu azae hajawanyonyesha hata mara moja. Wanakufa njaa mbele yangu. Shika!"

Mwokaji hakushika. Aliweka mfuko juu ya karo.

"Hajanyonyesha vipi? Si nilimwona?"

"Ulimwona nani?"

"Huyu. Siku aliyozaa, nikitoka kwenda kazini. Alikuwa ndani ya kisanduku, kawasimamia juu kama meza. Na jana pia. Nikasema nirudishe mlango polepole nisimshtue."

Matroni alilegeza mkono. Bi Harusi alijipindua, akajibana chini ya karo.

"Alikaa muda gani?"

"Wa kufunga kamba za viatu. Vyote viwili, na mimi nina tumbo. Kisha akatoka, akaenda kula."

"Na leo?"

"Leo hakuwamo. Alikuwa nje ya kisanduku anapiga mguu chini. Nikadhani kaona panya."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," alisema mwokaji. "Wewe ndiye ulikuwa unaniambia mimi."

Lilikuwa jibu la haki nusu. Neno moja tu la mtu yule, lililosemwa juzi juu ya kikombe cha chai, lingeokoa roho tatu. Alilibeba kila siku hadi kwenye tanuri na kurudi nalo, kwa mazoea ya kutotaka kujibiwa.

Matroni hakumgombeza. Alikuwa amechukua kitoto kimoja, anakitazama tumbo. Lilikuwa limenywea, na kile kiwaa cheupe hakikuwapo tena. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akaelewa kiwaa kile kilikuwa nini, na matumbo yale yaliyokaza yalikuwa yamekazwa na nini, na alikuwa akisugua nini kwa kidole chake chenye mafuta akidhani ni gesi. Alipindua ndoo, akakaa juu yake.

"Yalikuwa maziwa," alisema. "Walikuwa wameshiba, mzee. Niliwakuta wameshiba."

Mwokaji alichutama kando yake, akamfuta damu mkononi kwa pindo la shati lake.

Kilichohitajika sasa kilikuwa kitu ambacho Matroni hakuwa nacho: subira. Aliondoa pamba na kitambaa, akasuuza kisanduku kwa maji matupu mpaka harufu ya dawa ikapungua, akakifuta. Mwokaji alileta nyasi kavu kwenye gunia. Wakazitia, wakafinyanga shimo katikati, wakaweka vile vishungi vichache vipya na vitoto vinne juu yake. Manyoya ya mwanzo yalikuwa majivu. Wakamrudisha Bi Harusi, wakatupia gunia juu ya banda kumpa giza.

"Sasa?" mwokaji aliuliza.

"Sasa tuondoke," alisema Matroni, na neno lilimtoka kama jino.

Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko zamu yoyote aliyowahi kufanya. Aliosha vyombo safi. Alipanga viatu vya mumewe, akavipangua. Alifika mlango wa jikoni, akashika kitasa, akaachia. Akashika tena.

"Nikachungulie tu."

"Hapana."

"Kwa mbali. Sitagusa."

"Matroni."

"Wakiwa wamepoa je? Nitakaa hapa wanakufa kwa baridi nimekunja mikono?"

"Ulipoikunjua walikufa wangapi?"

Hakuwahi kuambiwa neno kali namna ile na mwanamume yule. Alikaa. Kutoka uani ilisikika: tap. Kimya kirefu. Kisha mkwaruzo wa nyasi, kitu kinaburutwa. Alifumba macho, akasikiliza kama alivyokuwa akisikiliza mapigo ya moyo, asijue sauti ile inamwambia nini.

Alfajiri mwokaji alitoka kama kawaida. Matroni alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, kanga begani, mkono mdomoni. Alisikia mume wake akinyanyua pembe ya gunia. Kisha nyayo zikarudi, polepole mno.

"Amewafunika," alinong'ona mwokaji. "Kajinyonyoa mpaka mapajani, masikini, ni kama kuku wa sokoni. Alikuwa ndio anatoka kisandukuni. Nimeingiza kidole kimoja. Kuna joto kama unga unaoumuka."

"Matumbo?"

"Kimoja nimekitazama. Kimejaa."

Matroni alikaa chini pale pale sakafuni, akalia bila sauti. Mwokaji alichelewa kazini siku hiyo.

Siku zilizofuata vitoto viliota manyoya mafupi laini kama kitambaa cha mahameri. Katika siku hizo mwokaji alileta ushauri wake mwenyewe, akijaribu kusema zaidi kuliko desturi yake.

"Kitinda akija, mwambie walizaliwa wanne. Nani alihesabu? Simu ilikuwa haisikiki vizuri."

Matroni alikaa na wazo hilo kutwa nzima. Lingemwondolea aibu yote. Mwenye mali hakuwapo, wafu walikuwa wamefukiwa nyuma ya karo, na wanne ni watoto wa kutosha kwa sungura yeyote. Namna hiyo ndiyo uongo wa pili unavyokuja, ukiwa mdogo kuliko wa kwanza na wenye busara kuliko huo. Jioni alimwambia mumewe, "Walikuwa saba," na hakusema zaidi.

Kitinda alikuja kwa gari la kukodi, akitembea ameshika ubavu. Matroni alimpokea mlangoni. Kabla hata ya kumkaribisha kiti alisimama mbele yake, mikono pembeni.

"Sikiliza kabla hujakaa. Walikuwa saba. Wapo wanne. Watatu wamekufa kwa mkono wangu."

Akaeleza yote kwa mpangilio, kama anayekabidhi zamu: matumbo, kiota, moto, pamba, maziwa ya ng'ombe. Hakujitetea, wala hakuruka jambo. Kitinda alisikiliza akitazama sakafu.

"Na siku ile kwenye simu?" aliuliza mwishowe.

"Wawili nilikuwa nimewashika. Nilikudanganya."

"Hiyo ndiyo inayoniuma, dada." Sauti yake haikupanda. "Sungura nimeshazika wengi. Lakini kule wodini nilikuwa nalala kwa neno lako. Nikiamka na maumivu nasema, wote wazima, dada kasema. Sasa nalo nilitie wapi?"

Matroni alifungua mlango wa jikoni, akamtangulia.

Wakaenda uani. Kitinda aliinama kwa shida, akafunua nyasi, akatia mkono. Vitoto vinne viliruka kiganjani mwake kama mahindi kwenye chungu. Akamtazama Bi Harusi aliyekuwa kona yake ya mbali, kifua na mapaja yameanza kuota upya kwa viraka. Alikaa hivyo, mkono ndani ya kiota, mpaka mwokaji akadhani ameshikwa na maumivu.

"Shemeji, nikusaidie kuinuka?"

"Bado." Alifunika. "Hawa nitaanza nao. Lakini kuwahamisha sasa siwezi, na mimi mwenyewe sijaruhusiwa kuinua hata ndoo. Watabaki hapa mpaka watoke kisandukuni kwa miguu yao." Alimgeukia mwokaji. "Una kufuli?"

"La duka lipo, moja la ziada."

"Funga banda. Utawapa majani na maji asubuhi na jioni, wewe. Ufunguo ukae mfukoni mwako. Dada asiuguse."

Mwokaji alimtazama mkewe. Fundi cherehani, ng'ambo ya uzio, alikuwa amesimamisha mashine. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Mwanamke aliyekabidhiwa watoto wa nusu ya mji alikuwa amefungiwa sungura wanne nyumbani kwake.

"Lete hilo kufuli," alisema Matroni.

Alilichukua mikononi mwa mumewe, akalipitisha kwenye waya, akalibana mwenyewe mpaka likalia. Akachomoa ufunguo, akampa mwokaji. Kisha akamshika mdogo wake mkono, wakaingia ndani wakanywe chai.

Tangu hapo, kila alfajiri, mwokaji hutoka uani kwa ufunguo wake na kurudi chumbani kuchukua viatu. Matroni huwa macho, shuka kifuani, vidole vinafinya pindo.

"Wananyonya?"

"Wananyonya."

"Wote wanne?"

"Lala, Matroni."

Halali. Lakini hainuki kitandani.